Max Faget: kutoka nyambizi ya vita hadi kapsuli iliyopita juu ya Unguja

Mtu akiiona kapsuli ya Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kumrusha mtu anga za juu, kwa mara ya kwanza hudhani imewekwa kinyume. Roketi tulizozoea kuziona pichani zimechongoka mbele. Chombo kilichomrudisha Mmarekani wa kwanza kutoka kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kiliingia angahewa kikitanguliza kitako chake kipana, rubani akiwa amelala chali na mgongo ukielekea kule anakokwenda. Aliyelipigania umbo hilo mpaka likakubalika ni Maxime Faget, ofisa wa nyambizi katika Jeshi la Wanamaji la Marekani aliyegeuka kuwa mhandisi wa vyombo vya anga. Ninachotaka kumkumbukia ni tabia moja iliyopita katika kazi zake zote: pale ilipowezekana, aliacha umbo na uzito wa chombo vifanye kazi ambayo wengine wangeikabidhi kwa injini, saketi au mkono wa rubani.

Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1921 huko Stann Creek, Honduras ya Uingereza, nchi inayoitwa Belize leo. Baba yake, Guy Faget, alikuwa daktari, na ndiye aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa ukoma ya Carville, Louisiana, dawa ya Promin ilipoanza kutumika pale mwaka 1941. Dawa hiyo iliubadilisha kabisa ugonjwa ambao kabla yake watu walifungiwa nao maisha. Mtoto akachagua mashine. Alipata shahada ya uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana mwaka 1943, kisha akaingia jeshini na kuhudumu katika nyambizi USS Guavina iliyopigana Pasifiki.

Kwa maoni yangu nyambizi ilikuwa shule nzuri kuliko darasa lolote la kazi iliyomsubiri. Watu wamefungiwa ndani ya chuma, hewa ni ile waliyoibeba, umeme ni ule uliomo kwenye betri, na mpangilio wa vali ukikosewa hakuna pa kutokea. Miaka michache baadaye alikuwa anabuni chombo chenye masharti hayohayo, ila shinikizo lilikuwa linasukuma kutoka ndani kwenda nje.

Mwaka 1946 aliajiriwa katika maabara ya Langley, Virginia, chini ya NACA, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa ndege, ambayo mwaka 1958 iligeuzwa kuwa NASA, shirika la anga la nchi hiyo. Akawekwa kwenye kitengo cha Robert Gilruth kilichopima maumbo ya ndege kwa kuyafunga kwenye roketi na kuyarusha kutoka kisiwa cha Wallops. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Mahandaki ya upepo ya wakati ule, ambamo hewa hupulizwa kwa kasi kwenye mfano mdogo wa ndege, yalishindwa kutoa majibu ya kuaminika karibu na kasi ya sauti, kwa kuwa mawimbi ya mshtuko yaligonga kuta na kuurudia mfano unaopimwa. Kwa hiyo mfano ulirushwa baharini ukiwa na redio ndani, ukatuma vipimo kwa dakika chache, kisha ukapotea. Mhandisi aliyelelewa namna hiyo anazoea kubuni kitu ambacho hakuna atakayekigusa kikishaondoka.

Wala hakuwa adui wa mabawa. Mwaka 1954 alikuwa mmoja wa watu wachache wa Langley waliochora mawazo ya kwanza ya ndege ya roketi iliyokuja kuitwa X-15. Ndiyo maana msimamo wake wa 1958 ulikuwa na uzito: aliyajua mabawa, akayaacha kwa makusudi.

Swali la mwaka ule lilikuwa hili. Umoja wa Kisovyeti umekwisha rusha Sputnik, Oktoba 1957. Marekani inataka kumpeleka mtu kwenye obiti na kumrudisha. Kurudi ndiko kugumu, kwa sababu chombo kilicho kwenye obiti ya chini kinakwenda takriban kilomita 7.8 kwa sekunde, na nishati yote hiyo lazima iishie mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 H. Julian Allen wa maabara ya Ames, California, alikuwa ameonyesha jambo ambalo wengi walilikataa mwanzoni. Kitu kilichochongoka kinaliacha wimbi la mshtuko likae karibu na ngozi yake, na joto linaingia mwilini mwake. Kitu butu hulisukuma wimbi hilo mbele yake, kama kifua cha jahazi kinavyosukuma maji, na sehemu kubwa ya joto inabaki kwenye hewa inayopita pembeni. Allen alikuwa akifikiria vichwa vya makombora. Faget aliuchukua ukweli huo na kusema unamtosha binadamu.

Machi 1958, kwenye mkutano wa NACA uliofanyika Ames, Faget pamoja na Benjamin Garland na James Buglia waliwasilisha pendekezo la setilaiti yenye mtu, isiyo na mabawa wala nguvu ya kunyanyua. Hoja yao ilikuwa hesabu ya uzito. Roketi pekee iliyokaribia kuwa tayari ilikuwa Atlas, na uwezo wake kwenye obiti ulizidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Mabawa, usukani, matairi na ngao ya kuvikinga vyote hivyo visingebebeka. Koni butu ingebebeka. Ikirudi kwa mteremko mdogo bila kunyanyuliwa na hewa, breki ya angahewa ingefika takriban mara 8.5 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Mtu wa kilo 70 hapo anajihisi ana kilo karibu 600. Ni mateso, lakini ni ya muda mfupi, na mwili unayastahimili ukilala chali, kwa kuwa damu haikimbilii miguuni ikauacha ubongo.

Wasiwasi ulibaki kwenye dharura. Urushaji ukikatizwa vibaya, kapsuli ingeweza kuanguka kwa mteremko mkali zaidi na nguvu hiyo ikapita mara 8 kwa mbali. Jibu lilikuwa kiti cha faibaglasi kilichofinyangwa kwa umbo la mwili wa rubani mwenyewe, kila mmoja na chake, ili uzito ugawanyike mgongo mzima badala ya kubana sehemu chache. Faget alikibuni pamoja na William Bland na Jack Heberlig. Julai 1958, kwenye mashine ya kuzungusha watu ya Jeshi la Wanamaji huko Johnsville, Pennsylvania, Carter Collins alikilalia kiti cha namna hiyo akastahimili mara 20. Baada ya hapo hoja kwamba mwili hautaweza ilikosa pa kusimama.

Tarehe 5 Novemba 1958 kikaundwa kikosi maalumu cha safari za anga chini ya Gilruth, Faget akiwa miongoni mwa watu 35 wa kwanza kutoka Langley. Kampuni ya McDonnell ya St. Louis ikapewa kazi ya kuunda kapsuli. Ilipokamilika, kitako kilikuwa na kipenyo cha takriban mita 1.9 na chombo kizima kwenye obiti kilikuwa na uzito wa kilo 1,350 hivi. Vifaa vizito vilipangwa karibu na kitako ili kitovu cha uzito kikae chini kabisa, kwa kuwa hapo ndipo uthabiti wote ulipotoka: hewa ikikishika chombo kikiwa kimepinda, inakigeuza chenyewe kitako kitangulie.

Palikuwa na kasoro mbili za umbo hilo, na afadhali zisemwe. Ya kwanza, kapsuli ingeweza kutulia pia ikiwa imetanguliza pua, na huko hakuna ngao. Wakaweka bamba dogo kwenye ncha ya juu, lililovuruga mtiririko wa hewa upande mmoja tu, basi pua ikitangulia chombo hakitulii mpaka kigeuke. Ya pili, chini ya kasi ya sauti kitu butu huyumba vibaya. Dawa yake ilikuwa parachuti dogo la kutuliza, lililofunguka kwenye mita 6,400, likifuatwa na kubwa la kipenyo cha mita 19 kwenye mita 3,000. Chombo kikagusa maji kwa mita 9 hivi kwa sekunde.

Umbo lilijaribiwa kwa ukali kuliko walivyopanga tarehe 9 Septemba 1959. Jaribio liliitwa Big Joe: Atlas, na kapsuli isiyo na mtu. Injini mbili za pembeni za Atlas hazikuachia, kapsuli ikachelewa kutengana na roketi, na gesi yote ya kuielekeza ikaisha ikijaribu kugeuza mzigo ambao haikutengenezwa kuugeuza. Ikaingia angahewa bila usukani wowote. Ilijigeuza yenyewe. Ngao ilipochunguzwa baadaye ilikuwa imeungua chini ya thuluthi moja ya unene wake. Ngao hiyo ilikuwa ya nyuzi za faibaglasi na resini, na kuungua ndiyo kazi yake: tabaka la juu linageuka mkaa na gesi, gesi inaondoka na joto. Safari fupi za roketi ndogo ya Redstone, zisizofika kwenye obiti, zilitumia ngao ya metali ya berili, inayomeza joto bila kuungua, kwa kuwa huko joto lilikuwa dogo. Kwa obiti berili isingefaa.

Nikiulizwa ni kipi kati ya vitu vya Faget chenye akili zaidi, nitasema mnara wa kuokolea, aliousajili kwa hataza pamoja na Andre Meyer. Atlas za wakati ule zililipuka mara kwa mara, na kiti cha kuchomoka kama cha ndege ya kivita hakimtoi mtu mbali vya kutosha na moto wa roketi iliyojaa. Faget akaweka roketi ndogo *juu* ya kapsuli, kwenye kiunzi cha vyuma, iivute badala ya kuisukuma. Ilikuwa ya fueli ngumu, kwa sababu fueli ngumu haina pampu wala vali za kusubiri: cheche ikifika, nguvu yote ipo. Ilivuta kwa takriban tani 23 kwa muda wa sekunde moja. Midomo yake mitatu ilielekezwa nje ili ndimi za moto zisiilambe kapsuli, na mstari wa msukumo ulipishwa kidogo na kitovu cha uzito ili kapsuli iende pembeni, isije ikafikiwa na roketi inayokuja nyuma yake. Hatari ikishapita mnara unatupwa, maana kuufikisha kwenye obiti ni kubeba uzito wa bure.

Wazo rahisi, lakini waya za kuliamrisha zilisumbua mno. Majaribio yalifanyika Wallops kwa Little Joe, roketi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kufunga pamoja mota za fueli ngumu zilizokwishakuwapo. Tarehe 21 Agosti 1959, nusu saa kabla ya kurushwa ya kwanza, betri zikiwa bado zinachajiwa, saketi ya dharura ilijifyatua. Mnara ukaondoka na kapsuli ukaiacha roketi imesimama. Parachuti dogo likafunguka. Kubwa likagoma kwa kuwa betri haikuwa na nguvu ya kulifyatua, na kapsuli ikavunjika baharini.

Kisa cha Cape Canaveral, tarehe 21 Novemba 1960, kinafaa kusomwa na yeyote anayefunga umeme wa mashine kubwa. Mercury-Redstone ya kwanza iliwaka, ikanyanyuka sentimita 10 hivi, ikazimika, ikakaa tena mahali pake. Chini ya pezi moja la mkia palikuwa na kebo mbili zinazochomoka roketi inapoondoka: ya amri, na ya umeme ambayo pia ndiyo iliyobeba waya wa ardhi. Ya amri ilitakiwa itangulie kuchomoka. Siku hiyo ilikuwa imefungwa kebo ya amri ya kombora la kijeshi la Redstone, ndefu kuliko ile ya Mercury, ikabanwa ili urefu upungue. Kibano hakikufanya kazi. Kebo ya umeme ikachomoka kwanza, na kwa milisekunde 29 roketi ikawa haina waya wa ardhi. Mkondo ukatafuta njia nyingine, ukapita kwenye rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayotangaza kwamba injini imemaliza kazi salama. Injini ikatii.

Kapsuli nayo ikaamini kwamba safari imekwisha. Ikautupa mnara, ambao uliruka peke yake. Haikujitenga na roketi, kwa kuwa sharti la kujitenga ni kutohisi uzito, na pale uzito ulikuwapo wote. Mfumo wa parachuti ukaona mwinuko uko chini ya mita 3,000, ukatoa parachuti dogo, kisha kubwa. Kubwa halikuhisi mzigo wowote, kwa hiyo la akiba nalo likatoka. Yote matatu yakaning'inia pembeni mwa roketi iliyojaa fueli, imesimama bila kufungwa, na upepo kidogo tu ungeweza kuyajaza na kuiangusha. Waliamua kutoigusa. Wakasubiri mpaka asubuhi, betri ziishe na oksijeni ya kimiminika ichemke na kuondoka. Kisha wakaongeza waya wa ardhi wa takriban sentimita 30 unaochomoka mwisho kabisa, na wakabadilisha saketi ili ishara ya kuzimika isiweze kufika kwenye kapsuli mapema.

Ukisoma visa hivyo viwili kwa pamoja, umbo la Faget halikuwahi kuwa chanzo cha hitilafu. Chanzo kilikuwa kila mara mpangilio wa matukio: nani anaanza, nani anasubiri, na nini kinatokea mmoja akikosa zamu yake.

Hapa ndipo habari hii inapofika kwetu. Kapsuli ya Mercury haikuwa na njia ya kuzungumza na Marekani ikiwa upande wa pili wa dunia, hivyo vituo vilijengwa njiani mwake. Baada ya Kano, Nigeria, kilichofuata kilikuwa Zanzibar, huko Tunguu, chini ya makubaliano ya Marekani na Uingereza ya mwaka 1960. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo vya chombo na vya mwili wa rubani, na kuzungumza naye kwa dakika chache kabla hajapotelea Bahari ya Hindi, ambako meli ilisubiri kuendelea kumsikiliza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa. Lakini safari zote nne za Mercury zilizofika kwenye obiti na mtu ndani, kuanzia ya John Glenn, yule Mmarekani wa kwanza kwenye obiti, tarehe 20 Februari 1962, zilipita zikisikilizwa kutoka Unguja.

Safari hiyo ya Glenn ndiyo iliyomleta Faget kwenye simu. Kwenye mzunguko wa pili, watazamaji wa vipimo waliona ishara namba 51 ikidai kwamba mfuko wa kutua umefunguka. Mfuko huo, wenye urefu wa mita 1.2 hivi, hukaa kati ya ngao na kapsuli na hushuka karibu na maji ili kupunguza kishindo. Kama kweli umefunguka, basi ngao haijashikwa na kitu ila pakiti ya roketi za breki, iliyofungwa juu yake kwa mikanda mitatu ya chuma. Kwa utaratibu, pakiti hiyo hutupwa mara roketi zikishamaliza. Je, iachwe ili mikanda iishikilie ngao?

Faget aliulizwa akajibu kwa sharti. Pakiti inaweza kubaki na chombo hakitayumba, *iwapo roketi zote tatu zimewaka*. Ikibaki hata moja haijaungua, pakiti itupwe, kwa kuwa joto la kurejea litaiwasha fueli ngumu ikiwa imeelekea ovyo. Roketi hizo ziliwashwa kwa kupishana sekunde tano, kila moja ikiungua sekunde kumi hivi, na kwa pamoja zilipunguza kama mita 150 kwa sekunde tu, asilimia mbili ya mwendo wa obiti. Kiasi hicho kinatosha, maana breki yenyewe ni hewa. Zote tatu ziliwaka. Pakiti ikaachwa, ikayeyuka kwa vipande vilivyopita dirishani vikiwaka mbele ya macho ya Glenn, na chombo kikabaki kimenyooka. Baharini ikaonekana kwamba mfuko haukuwa umefunguka. Swichi moja ilikuwa imelegea.

Kuanzia 1962 hadi alipostaafu, Faget aliongoza uhandisi na usanifu katika kituo cha vyombo vya wanaanga cha Houston, na kapsuli ya Apollo ilifuata mantiki ileile. Mnara wake ulijithibitisha tarehe 19 Mei 1965 pasipo kupangwa: roketi ya majaribio ya Little Joe II ilianza kujizungusha mpaka ikapasuka angani, na kapsuli ikavutwa nje ikatua salama.

Tarehe 1 Aprili 1969 aliwakusanya wahandisi wachache Houston, akawaonyesha ndege ndogo ya mbao nyepesi yenye mabawa yaliyonyooka, akairusha mbele yao. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi yao ya chombo cha anga cha kutumika mara nyingi, kilichokuja kuitwa Space Shuttle. Alitaka kiingie angahewa kikiwa kimeinua tumbo sana, kitumie tumbo hilo kama kitako cha kapsuli, kisha chini kabisa kiruke kama ndege ya kawaida na kutua taratibu. Jeshi la Anga likakataa. Lilitaka chombo kiweze kurushwa kupita juu ya ncha za dunia, kizunguke mara moja na kutua kilikotoka. Katika dakika 90 za mzunguko mmoja, dunia imezunguka na uwanja umesogea mashariki, kwa hiyo chombo lazima kiweze kupinda kama kilomita 2,000 kando ya njia yake. Mabawa yaliyonyooka ya Faget hayakufika huko. Yakashinda mabawa ya pembetatu, yenye eneo kubwa la kukingwa na joto na mwendo mkubwa wa kutua. Yeye aliendelea kuuongoza uhandisi wa chombo ambacho hakikuwa chaguo lake la kwanza, na naiheshimu sana hiyo.

Chombo hicho hakikuwa na mnara. Challenger, mojawapo ya vyombo hivyo, ilipovunjika tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuondoka, watu wake 7 hawakuwa na njia ya kutolewa. Miaka miwili na zaidi nyuma, tarehe 26 Septemba 1983, roketi ya Kisovyeti iliyobeba kapsuli ya Soyuz ilishika moto ikiwa bado pedini, na mnara wa aina ileile ukawavuta wanaanga wawili wakapona.

Faget alistaafu NASA mwaka 1981, akashiriki kuanzisha kampuni ya Space Industries mwaka uliofuata, na akafariki Houston tarehe 9 Oktoba 2004, akiwa na miaka 83. Hataza ya kapsuli ya Mercury ina majina saba, lake likiwa la kwanza, likifuatwa na Meyer, Chilton, Blanchard, Kehlet, Hammack na Caldwell Johnson, mchoraji aliyeyageuza mawazo ya Faget kuwa michoro ya kufuatwa kiwandani. Kapsuli ya Glenn iko Washington, katika jumba la makumbusho la anga la Smithsonian. Orion, kapsuli mpya ya NASA iliyozunguka mwezi mwaka 2022 bila mtu, iliondoka ikiwa na mnara juu yake na ikarudi ikitanguliza kitako.